Mama Kengele na Reli ya Vituo Viwili

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, wa tatu kati ya watoto saba wa fundi seremala, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli. Mkunga alisimulia kwamba alianza kulia kabla hata hajatoka vizuri. Sisi wadogo zake hatukushangaa kulisikia hilo.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1969. Hesabu alizimudu, kufuma kulimshinda kabisa. Sweta alilomfumia baba lilikuwa na mkono mmoja wa mtoto, na baba alilivaa hivyo hivyo kazini.

Mwaka 1970 aliajiriwa reli kukata tiketi, na baadaye akawekwa kwenye kupitisha treni. Kazi yenyewe ni hii: kabla treni haijaondoka, unapiga kengele kuuliza stesheni ya mbele kama njia ni wazi. Wasipojibu, treni haitoki, hata abiria watukane. Alitukanwa sana, lakini hakuna treni zilizogongana mikononi mwake hadi alipostaafu mwaka 2006. Kwa kazi hiyo jina la Mama Kengele likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na dereva wa treni, mtu mpole ajabu. Walijaliwa binti, ambaye ni mshonaji, na mwana, ambaye ni fundi umeme. Shemeji yetu alipostaafu alijenga reli ndogo ya kuchezea juu ya meza iliyojaza chumba kizima cha nyuma. Treni ilizunguka kilima cha karatasi na gundi, ikarudi palepale. Shemeji alifariki mwaka 2015, na msiba haujaisha watoto wakashikana mashati. Binti alitaka reli ya baba isiguswe. Mwana, ambaye ndiye kitinda mimba, alitaka ivunjwe, chumba kipate mpangaji. Walitupiana maneno ambayo hapa si mahali pake, na tangu hapo hawakusemezana. Mama yao alikondeshwa na jambo hilo kuliko ujane wenyewe.

Basi akaivunja yeye. "Mume alikuwa wangu, na nyundo ni yangu," aliwaambia, kila mmoja kwa simu yake. Ule mzunguko akaunyoosha. Akatoboa ukuta, loo, ukuta wa nyumba nzima! Akapitisha reli kutoka sebuleni hadi kando ya kitanda chake, stesheni moja kila upande, kila moja na kengele yake. Tundu la kwanza alilipima kwa kichwa cha treni, akasahau kwamba mabehewa ni mapana zaidi. Yakakwama katikati ya ukuta, akayachokoa kwa mwiko. Mmoja wetu alipomuuliza kwa nini asingeiacha izunguke tu, alimjibu kwa mkato: "Ile mtu mmoja anatosha. Hii inataka wawili."

Februari 2023 moyo wake ulianza kushindwa kazi. Watoto wote wawili wakahamia nyumbani kumuuguza, binti chumbani, mwana sebuleni, na neno hakuna. Mgonjwa akatoa amri: dawa zije kwa treni. Mwana apige kengele, binti ajibu, ndipo behewa litoke. Mwanzoni zilikuwa kengele tu. Kisha siku moja behewa likarudi na kikaratasi: "Kakataa supu." Mwana akajibu: "Muulize kama anataka chai." Mama Kengele alicheka hadi akakohoa, na chai akainywa. Lakini hawakuvuka hapo. Mwana hakukanyaga chumbani dada yake akiwamo.

Asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, mwana alipakia kidonge behewani, akapiga kengele. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Mtoto wa Mama Kengele anaijua sheria: wasipojibu, treni haitoki. Akaiacha palepale, akaingia chumbani kwa miguu yake.

"Dada," alisema.

"Njoo, mdogo wangu. Njoo umshike mkono, bado una joto."

Marehemu ameacha binti, mwana, wajukuu wanne na sisi ndugu zake watano tuliobaki. Treni ingali sebuleni na kidonge chake, na watoto wamekubaliana isiguswe.

Mungu ampokee kwa amani. Tunaamini upande wa pili kengele imejibiwa.