Kobe Aliyemwachia Njia Gia Kubwa

Benchi ni langu. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaolikalia hujisahau. Liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na chupa ya kahawa hukaa chini, upande wangu, nisije nikafilisiwa. Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, huja akikosa kichwa cha kunyoa. Chaji, fundi simu, huja hata akiwa na kazi. Gia Kubwa, dereva wa lori mstaafu, hakosi siku yoyote isipokuwa Jumapili mchana, maana binti yake kamnunulia usukani wa mchezo wa kompyuta, kaufunga kwenye meza ya kulia, na mzee sasa anashindana mtandaoni na watu asiowajua, kwa magari ya mashindano ya zamani, yale membamba yasiyo na paa. Hapa tunataniana kwa kila kitu. Kitu kimoja tu hakiguswi: lile lori aliloliuza alipostaafu, na kijana wake wa mwisho aliyelitaka, akaondoka kwa hasira na mpaka leo hajapiga simu.

Jumatatu hiyo Gia Kubwa alikuja amenuna, akakaa bila hata salamu.

— Umeshindwa jana, akasema Wembe.

— Nimeshinda.

— Sasa mbona uso kama soli iliyobanduka? nikamuuliza.

— Mizunguko kumi! akafoka, kama sisi ndio tuliomkosea. Mimi na huyo anayejiita Kobe. Jumapili ya tatu hii tunakimbizana. Ananipita kwenye kona, nampita kwenye njia iliyonyooka. Bega kwa bega! Mke wangu kaja anataka meza yake, nikamwambia mama, niue baada ya kona hii.

— Akakuua?

— Ngoja. Kona ya mwisho, Kobe yuko mbele, kaziba upande wa ndani, sina pa kupita. Nikajua nimekwisha. Mara, huyo! Kasogea nje. Kaniachia nafasi ya gari zima. Nikapita, nikashinda kwa upana wa tairi.

— Hongera basi, akasema Chaji.

— Hongera ya nini? Miaka yote ile barabarani sijapewa kitu cha bure. Nataka kujua: nimeshinda, au nimepewa?

Wembe alikuwa anamtazama kwa jicho la upelelezi.

— Mzee, na ulivyo wewe... hukumpungia mkono?

Gia Kubwa akaangalia kikombe chake.

— Dereva akikupa njia, unamshukuru. Nikatoa mkono dirishani.

— Dirisha lipi, mzee? Ulikuwa mezani kwako!

— Ndipo nilipoliangusha jagi la maji. Na acheni kucheka. Mke wangu hajasema nami tangu jana.

Tulicheka mpaka Wembe akapaliwa na kahawa, na kahawa yenyewe ni yangu. Tulipotulia, Chaji akajifuta macho, akavaa sura yake ya kazi.

— Mimi nawaambia, ule ni mtandao. Mtandao wa Kobe ulikwama kidogo, gari likapepesuka. Hajakupa, kateleza.

— Hakuteleza. Alisogea taratibu, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni.

— Basi si mtu, akasema Wembe. Ni mashine. Hiyo michezo imewekewa mashine za kuwafurahisha wazee wasizime. Ukikaribia kukata tamaa, inakupisha.

— Na mimi nasema ni mkeo, nikasema. Kamlipa mtu ushinde haraka, apate meza yake.

— Nyie hamjui kitu! Chaji akasimama kabisa. Sikilizeni. Kuna watu wanatengeneza malori yasiyo na dereva. Wanataka akili ya kuyaendesha. Wataitoa wapi? Kwa wastaafu! Kobe anakuachia njia makusudi, aone unavyopita, anaandika kila kitu. Mwakani utalikuta lori barabarani linakohoa kama wewe.

— Akili ya huyu? Wembe akasema. Si wataokota malori mitaroni! Bwana, mimi naogopa kulisema, lakini Kobe inawezekana kafa zamani. Dereva wa enzi zile za magari yale. Mtu kafa, akaunti bado inakimbia.

— Wewe nyamaza! Gia Kubwa akapiga goti lake. Kobe ni mtu, tena yu hai. Nazisikia gia zake.

— Unazisikiaje?

— Kwa masikio! Wengine wote wamewasha gia za kujibadilisha zenyewe, wao wanakanyaga mafuta tu, sauti moja kama mashine ya kusaga. Huyu anazishusha kwa mguu. Anakanyaga klachi, anatoa gia, anaachia klachi, anapiga mafuta kidogo, anakanyaga tena, ndipo anaingiza. Ukiwa karibu yake unaisikia: vuu... vu!... vuuu. Mchezo haukulazimishi. Anafanya tu, kila kona, na gia ya pili anaiwahi kila mara, kabla ya wakati wake. Nikimsikia natamani kumfinya sikio.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja, mgeni wa mtaa, kuchukua viatu vyake. Nilikuwa sijamalizia kisigino, kwa hiyo nikampisha kwenye benchi na kumpa kahawa, maana mteja akipewa kahawa hulalamika kidogo. Alisikiliza kwa utulivu, kikombe mkononi.

— Samahani, mzee, akasema. Huko kukanyaga mara mbili, watu hujifunzia wapi?

— Kwenye lori la zamani, mama. Langu lilikuwa hivyo. Ukilibembeleza vibaya, gia zinakukatalia.

— Na wewe ulimfundisha nani?

Wembe akaanza kuchunguza kucha zake. Mimi nikainamia kisigino, nikagonga msumari uliokwisha kuingia. Jibu tulikuwa nalo wote watatu, kijana wake tulimwona akikua, akijifunza gia kwenye lori lile, lakini nani angethubutu?

Gia Kubwa akatoa simu mfukoni, akampa Chaji.

— Sina miwani. Jana baada ya mchezo Kobe aliandika. Nilikuwa na hasira, sikumjibu. Nisomee.

— Kaandika, “Jumapili tena?” Basi.

— Mjibu.

— Nimwambie nini, mzee?

Gia Kubwa akakohoa.

— Mwambie... mwambie gia ya pili bado anaiwahi.

Chaji akaandika, akatuma, akaiweka simu katikati ya benchi. Tukaikodolea macho watu wazima wanne na mama wa watu. Nilimimina kahawa ili mikono ipate kazi. Nilikuwa naomba, nakiri, na mimi si mtu wa kuomba hovyo.

Simu ikatetemeka. Chaji akaichukua, akasoma.

— Kasema, “Shikamoo, baba.”

Gia Kubwa akamnyang'anya simu, akaisogeza mdomoni.

— Marahaba! Marahaba, mwanangu!

— Mzee, hasikii, akasema Wembe kwa upole. Lazima iandikwe.

— Marahaba! akarudia, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na mkono wake ukapanda hewani kama wa jana, ukapunga. Safari hii uliangusha kikombe cha Wembe, na hakuna aliyecheka. 

— Chaji, iandike basi, akasema mzee, unangoja nini?

Chaji alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena. Fundi simu mzima!

Mama yule akamtazama mzee akijipangusa macho kwa mkono wa shati.

— Kwa hiyo jana ulishinda, au ulipewa?

— Nilipewa, mama, akasema Gia Kubwa, anacheka. Nilipewa!

Akaninyooshea kikombe nimwongeze kahawa. Nikaipindua chupa. Ilikuwa imekwisha.