Shavu la Kushoto la Mette

Ndugu waombolezaji, mimi ni Rasmus, mdogo wake marehemu, niliyemsagia rangi miaka ishirini na sita na kugombana naye karibu kila siku ya miaka hiyo, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Dorthea Vinding alizaliwa tarehe 3 Machi 1718 mjini Odense, akafundishwa kuchora na baba yetu, maana hakuna karakana iliyopokea wasichana, na mwaka 1741 akaajiriwa katika kasri la mfalme, Kopenhagen, kuchora sura za mabinti wa kifalme, picha zilizopelekwa ng'ambo kwa wachumba wasiowahi kuwaona. Ndui haikuchagua kasri wala kibanda, lakini amri ilikuwa makovu yasionekane, na mkono wake ukazoea kuyaruka.

Aliolewa na fundi saa, hayati Niels Holst, tarehe 12 Juni 1743, wakajaliwa mtoto mmoja, Mette, huyu aliyekaa mbele yenu, ambaye ndui ilimshika akiwa na miaka tisa. Alipotimiza kumi na sita mama yake alimchorea picha ya zawadi, na jamani, akamchora na mashavu laini kama yai. Mette aliitazama, akauliza, "Mama, huyu nani?" akafungasha, akahamia Aarhus, na kwa miaka saba hawakuandikiana hata mstari. Dada aliniapia kwamba mkono ulijiendea wenyewe, nami nikamjibu, "Basi huo mkono ni mpumbavu," neno ninalolijutia mpaka leo.

Mwezi Septemba mwaka huu, kifua kilipombana, alimwandikia binti yake maneno matatu tu, "Njoo nikutazame vizuri," na Mette akaja, akakaa dirishani mbele ya picha ile ile, na mama akaanza kuyarudisha makovu, moja baada ya jingine.

"Tulia basi, mbona unatikisika?"

"Unayetikisika ni wewe, mama."

Wakacheka, nami nikatoka nje nikalia.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Novemba 1767, asubuhi. Tunamshukuru daktari Thestrup, majirani waliotuletea supu ya njegere bila kuombwa, na wenzake wa kasri waliobeba jeneza.

Picha mnaiona hapo juu ya jeneza, na shavu la kushoto bado ni laini, hakulifikia. Nilitaka kulimalizia, rangi nimeshasaga, lakini Mette amenizuia: "Liache, mjomba, hapo ndipo alipoishia."

Lala kwa amani, dada, na mkono wako nao upumzike.