Historia ya Aliko Kibona, Mgawa Zamu wa Mnara wa Tunduma

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Fanueli, shemeji yake, niwasomee maisha ya ndugu yetu, na kwa kuwa wote tumechoka, kwa kulia na kwa barabara ya kuja Ileje, sitarefusha.

Marehemu Aliko Jairo Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa Ibaba, akiwa kifungua mimba wa Mzee Jairo na Bi Loisi, ambao wote wametangulia mbele za haki, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari mjini Mbeya hadi 1985, kisha ufundi wa mawasiliano Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1989.

Alianza kazi ya simu za mezani Mbeya mwaka 1990, akafunga ndoa na Gwantwa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, Goodness na Timotheo, na mwaka 2001 kampuni ya simu za mkononi ilimpeleka Tunduma kutunza mnara, ambako watu walimwita Bwana Mtandao, na hata kinyozini hakunyolewa kwa raha, kwa kuulizwa kwa nini simu zinakatika.

Kazi yake aliwaeleza watoto kwa mfano wa bomba la maji, kwamba mawimbi ya mnara ni bomba moja na watu ni wengi, basi kila mmoja hupewa zamu fupi mno, akarudiwa upesi hata akadhani bomba ni lake peke yake. Mwaka 2009 mawakala wa forodha pale mpakani walidai intaneti isiyosuasua, na yeye, akiwa amechoka kusemwa, alitenga nusu ya zamu kwa ajili ya intaneti tu, akazifunga, hata zikikaa bure simu ya kawaida isizichukue, jambo ambalo mafundi kwa kawaida hawalifanyi.

Ijumaa tarehe 30 Oktoba mwaka huo, mwisho wa mwezi, Tunduma imejaa malori na kila mtu anapiga simu, Bi Loisi alizidiwa hapa nyumbani, akamtaka kifungua mimba wake aje apokee wosia, na binti yake Jenista alimpigia kaka yake tangu asubuhi, akijibiwa kwamba simu haipatikani, hadi mama alipokata roho saa tisa alasiri. Habari ilimfikia Aliko jioni, akafika kesho yake, na wazee wa ukoo walimwambia kwamba alizima simu kwa makusudi, amemkimbia mama yake, na yeye angeanzaje kueleza, mbele ya jeneza, kwamba zamu za simu za kawaida zilikuwa zimejaa, na zile za intaneti alikuwa amezifunga mwenyewe.

Jumatatu alizifungua zile zamu, mawakala wakamshitaki kwa wakubwa wake, akaonywa, akaendelea na kazi. Tangu hapo hakuketi tena kwenye kikao cha ukoo, alikuja misibani, akasimama nyuma, akaondoka, na sisi tulimwona amekonda tukadhani ni kazi.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2013, akatibiwa Vwawa na baadaye Mbeya, akafariki Jumamosi tarehe 9 Mei 2015, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Ni Gwantwa peke yake aliyeambiwa habari ya zile zamu, katika wiki za mwisho, na jana tulipokaa kuandika historia hii, tukibishana kama jambo hili lisomwe au liachwe, mjane alisema neno moja tu.

"Andikeni hakuizima."

Tumeandika. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Tunduma, wafanyakazi wenzake, na mawakala wa forodha waliotoa gari la kuleta mwili. Inawashukuru pia wazee wa ukoo, ambao asubuhi hii, baada ya kusomewa maneno haya, wameagiza kaburi lililochimbwa kule chini, mbali na wazazi wake, lifukiwe, na lingine lichimbwe kando ya Bi Loisi.

Pumzika kwa amani, Aliko, mama yuko jirani.