Mwalimu Gittens na Neno la Upande Mmoja

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ahukumuye kwa haki wala hapendelei uso wa mtu, nawasalimu Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi. Amani iwe nanyi.

Tarehe 31 Julai, Mwalimu Verona Gittens anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza katika Shule ya Pine Rock. Alitujia kutoka mji mkuu, Bridgetown, akiwa na kofia pana ya ukili na sauti ambayo hata upepo wa huku kaskazini haukuweza kuimeza. Amefundisha watoto, kisha watoto wa watoto hao, na wote wanalikumbuka neno la kwanza alilowaandikia ubaoni: one-sided, yaani “-a upande mmoja”. Neno hilo lina kisa chake.

Katika mwaka wake wa tatu, timu yetu ya kriketi iliwachapa jirani zetu wa bondeni kipigo ambacho hadi leo hawapendi kukisimulia. Mwalimu Gittens akaandika katika jarida la shule kwamba mechi ilikuwa ya upande mmoja. Alimaanisha kuwa mizani ililemea: wetu walicheza, wenzao wakatazama. Lakini neno lilo hilo humweleza pia mtu asikilizaye upande mmoja na kuupendelea. Dukani kwa Sealy, penye ramu na domino, wanywaji waliichagua maana hii ya pili. Na mwamuzi wa siku ile alikuwa Shemasi Clairmonte Boyce, mwoka mikate, mtu ambaye jina lake jema ndilo lililokuwa mali yake.

Kila alipopita na kikapu chake walimdaka. “Shemasi, leo unaelemea wapi?” “Mpisheni jamani, huyu hupita upande mmoja tu!” Shemasi akalikunja koti lake jeupe la uamuzi, akasema hatasimama tena uwanjani.

Mwalimu alimwendea na kamusi, akamsomea maana zote mbili. Shemasi hakuacha kukanda unga. “Mwalimu, mimi sina ugomvi na kitabu chako. Kawasomee wale wa kwa Sealy. Huko ndiko jina langu linakolala nje.”

Basi Jumamosi, domino zilipopamba moto, Mwalimu, mwanakwaya wa kanisani asiyewahi kukanyaga duka la pombe, akaingia, kamusi kwapani. “Neno ni langu na kosa ni langu,” akasema. “Waliofungwa walifungwa na uvivu wao, si na Shemasi.” Mzee mmoja akadakia, “Haya, mama, upande wako tumeusikia. Sasa keti tukuone kwenye domino!” Akaketi, akaagiza kinywaji kisicho na kileo cha magome ya mti wa mauby, akawashinda wote. Nasema wote. Kisha wakafuatana naye hadi kwa mwoka mikate, wakipiga kelele mlangoni: “Toka na koti lako, baba, vijiti vya wiketi vinakungoja!” Shemasi alitoka, macho mekundu, akausingizia moshi wa tanuri.

Tangu hapo, katika chama cha mdahalo alichokianzisha Mwalimu, hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kutetea hoja yake kabla hajaitetea ya mpinzani, tena vizuri. Wengi walinung’unika. Wachache kati yao leo ni mawakili, na hawanung’uniki tena. Ngao za mdahalo zilizojaa katika ofisi ya Mwalimu Mkuu ni matunda ya adhabu hiyo tamu.

Jumamosi ijayo walimu watacheza na wanafunzi mechi ya kumuaga, naye Mwalimu Gittens atakuwa wa kwanza kushika gongo la kupigia mpira. Shemasi Boyce, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, ameomba kuwa mwamuzi, na koti limekwisha kupigwa pasi. Amenituma niyaandike maneno yake kama yalivyo: “Mwambie Mwalimu, safari hii akiandika kwamba mechi ilikuwa ya upande mmoja, achukue maana yoyote aitakayo. Siku hiyo nampendelea waziwazi, na Sealy aje aseme!”

Mwalimu Verona, asante kwa kila neno. Tunakuombea pumziko jema, afya na furaha isiyopungua. Nawe msomaji, Mungu akubariki pamoja na wote wa nyumbani mwako, na mizani yenu ilemee daima upande wa rehema. Amina.