Mtoto wa Januari Aliyeandikwa Desemba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kituo; Bi Muhiba, matroni wetu; Bwana Gordon, fundi wa kompyuta; wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mliokuja mgongoni:

Mimi ni Lela Haidari, katibu. Nimetumwa kusema kwa niaba ya kina mama wa Kaloleni na Mbotela tuliojifungua katika kituo hiki. Wenzangu wamenikataza kuongeza la kwangu.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Mheshimiwa. Tuliambiwa utafika asubuhi, na umefika jua likiwa limeshageuka. Hatulalamiki. Tulikaa kivulini tukanyonyesha, tukarudia wimbo wa kukupokea mpaka watoto wakalala.

HISTORIA FUPI

Zamani, mtoto akizaliwa hapa muuguzi alitazama saa ya ukutani akaandika kwa kalamu. Njia hiyo haikuwahi kuleta ugomvi, ndiyo maana tulishtuka kidogo ulipotueleza kwamba imepitwa na wakati. Mwaka jana ukatuletea kompyuta, ya kwanza katika mitaa yetu hii ya Nairobi, na Bwana Gordon, ambaye tunafurahi kujua kwamba ni mpwa wako, akaja kuitia mpango wa kuiendesha.

Bi Muhiba alikuwepo. Anasema kabla ya kuanza kazi mashine iliuliza maswali. Mojawapo lilikuwa: niko mji gani? Jingine lilihusu saa ndogo iliyomo ndani yake, yenye betri yake, ambayo hutembea hata stima ikipotea. Saa hiyo ilitoka Uingereza na majira ya huko, nyuma ya yetu kwa saa tatu, na penye jina la mji palikuwa tayari pameandikwa London. Bwana Gordon aliyakubali yote kwa kubonyeza kitufe, maana wageni walikuwa wameketi hemani na pilau ilikuwa inapoa. Bi Muhiba alipouliza mbona mashine inaonyesha asubuhi na sisi tuko mchana, aliambiwa hayo ni mambo ya ndani ya mashine.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio ni mengi, lakini tutataja moja, kwa kuwa ulikuwepo.

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, mwenzetu Nthoki, mke wa Bwana Kimeu dereva wa Kaloleni, alijifungua mtoto wa kiume. Honi za treni zilikuwa bado zinaukaribisha mwaka. Karibu na alfajiri, katika kitanda cha pembeni yake, Batulo, mke wa Bwana Dirie mwenye duka kule Mbotela, akajifungua wa kike. Kulipokucha ulifika na wapiga picha kumtuza mtoto wa kwanza wa mwaka, ukapewa karatasi iliyotoka kwenye kompyuta. Karatasi ilisema mtoto wa Nthoki alizaliwa Desemba, jioni ya mwaka uliokwisha, na kwamba Januari imefunguliwa na mtoto wa Batulo.

Ukamkabidhi Batulo kitanda kizuri cha mtoto, cha mbao, ukatangaza kwamba utamsimamia binti huyo mpaka amalize shule. Batulo hakukipokea. Alikwambia, "Mheshimiwa, wa Nthoki alilia kwanza. Nilimsikia mimi mwenyewe."

Nawe ukamjibu kwa upole, "Mama, kompyuta haisikii kilio. Inasoma saa."

Tulipiga makofi, kwa kuwa tulikuwa tumeombwa tupige.

Ambalo hukuliona, maana ulikuwa umeshaondoka, ni kwamba Nthoki aligeukia ukuta. Hakulilia kitanda. Alituambia kwamba aliumwa kuanzia mwaka wa zamani mpaka akaingia mwaka mpya, na sasa anaambiwa kwamba honi zilipolia alikuwa ameshajifungua zamani, amepumzika. Saa tatu za uchungu wake, zile mbaya kuliko zote, zilikuwa zimefutwa. Batulo alishuka kitandani kwake akaenda kukaa miguuni pa Nthoki. Siku ya kutoka, alimwambia mumewe kitanda kile kisipelekwe Mbotela. Bwana Dirie akakisukuma kwa mkokoteni hadi Kaloleni, na hadi leo Batulo akienda kumtembelea mwenzake, watoto hulazwa humo wote wawili.

MATATIZO MADOGO

Bwana Kimeu alikwenda ofisi ya kusajili vizazi kuomba mwaka wa mtoto urekebishwe. Akaambiwa alete ushahidi kwamba mtoto alizaliwa Januari. Akamleta mkewe. Afisa akamtazama Nthoki, akaitazama karatasi ya kompyuta, akasema Serikali haiwezi kumzalisha mtu mara mbili. Kwa hiyo watoto hawa waliozaliwa chumba kimoja usiku mmoja watapishana mwaka mzima kwa hesabu ya shule.

Tulipopeleka malalamiko, Bwana Gordon alirudi. Hatuwezi kusema hakufanya bidii. Aliisogeza saa ya ndani mbele kwa saa tatu ili ilingane na Nairobi. Kisha akaiambia mashine kwamba iko Nairobi. Mashine, ambayo bado iliamini saa yake ya ndani ni ya Uingereza, nayo ikaongeza saa tatu zake. Tukawa mbele ya taifa zima.

Wiki hiyo mwenzetu Ndindi alijifungua asubuhi. Wodi ilikuwa imejaa, akaruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya adhuhuri. Langoni, askari Zedekiah alisoma kadi ya mtoto iliyotoka kwenye kompyuta, akatazama saa ya mkononi, akamwambia kwa heshima zote, "Mama, mtoto huyu bado hajazaliwa. Siwezi kumtoa." Ndindi alikaa kwenye benchi akimnyonyesha, mpaka saa ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye kadi ilipotimia.

Tangu hapo wauguzi hutazama saa ya ukutani, kisha huandika kwa kalamu juu ya maandishi ya kompyuta.

MAOMBI

Tumesikia kwamba leo unatuzindulia kompyuta ya pili. Tunashukuru. Tunaomba Bwana Gordon apewe nafasi ya kuyasoma maswali ya mashine polepole, hata ikibidi chakula kipoe. Yeye mwenyewe alitueleza baadaye kwamba njia ni mbili: saa ya ndani ibaki na majira ya Uingereza na mashine iambiwe iongeze tatu, au ifuate Nairobi na isiongezewe kitu. Sisi hatuchagui. Tunaomba tu zisitumike zote mbili kwa pamoja, maana hilo tumeshalijaribu.

Ombi la mwisho si la mashine. Ulipotangaza matokeo siku ile, afisa aliamini neno lako na karatasi yako. Tunaamini ukiandika leo kwamba mtoto wa Kimeu ni wa Januari, ataamini tena. Nthoki na Batulo wameketi hapa mstari wa mbele, kila mmoja na wake. Tunakuomba, kabla hujakata utepe, ushuke uwapakate watoto wote wawili, kisha utuambie kwa kuwatazama ni yupi wa mwaka jana.

Mwenyezi Mungu akujalie siku nyingi za afya, na kila moja iandikwe kwa tarehe yake.

Ni sisi,
Kikundi cha Kina Mama Wazazi, Kaloleni na Mbotela.