Sisi Tusio na Mikanda: Risala ya Wanaghala wa Ifakara kwa Ofisa Utamaduni wa Wilaya, Desemba 1996

Mgeni rasmi, Ndugu Ofisa Utamaduni wa Wilaya. Viongozi wa kata. Wazazi na majirani zetu:

Katika ghala letu la mazoezi lipo sharti ambalo hata watoto wanaochungulia dirishani wanalijua. Mtu akiangushwa, yeye ndiye anayesema kwanza. Husimama, hujipangusa, huwaeleza wenzake alikosea wapi hata akaenda chini. Aliyemwangusha hunyamaza mpaka mwenzake amalize. Tumeanza na sharti hilo kwa kuwa ndilo lililotuletea msiba, na msiba huo ndio uliokuleta kwetu.

KARIBU

Karibu sana. Umeacha kazi nyingi ukaja kukaa kwenye benchi letu lisilo na mgongo. Tunakushukuru hata kabla hujasema neno.

TULIKOTOKA

Mwaka 1991 mwenzetu Obed alirudi kutoka Kidatu, alikokuwa kibarua wa miwa. Huko alijifunza karati jioni, lakini mwalimu wake alihamishwa kabla hajampa mkanda hata mmoja. Obed akaja na alichokuwa nacho. Vijana wa Kindamba waliozoea kusimama ndani ya mtumbwi wakamwonyesha namna ya kukaza miguu mahali panapoyumba. Wachungaji wa Kisukuma wakaleta mieleka yao. Kwa kuwa hapakuwa na bingwa wa kutusahihisha, tulikubaliana kwamba kila anguko litakuwa mwalimu wetu. Sharti lile likazaliwa hivyo.

Tuliazimwa ghala la mpunga lililokuwa limeachiwa popo. Tukalifagia, tukajaza pumba kwenye magunia, tukayashona na kuyatandika. Mlezi wetu, Mwalimu Theodori, anayesoma risala hii, aliweka taratibu zake: sala fupi, miguu iliyooshwa, na hakuna kuingia aliyekunywa pombe.

TULIYOYAPATA

Hatuna vikombe wala vyeti vya kukuonyesha. Tunao vijana waliokuwa wakishinda kilabuni, ambao sasa wake zao wanajua waliko. Tunao kina mama wanaouza samaki stendi, ambao hawanyang'anywi tena mabeseni yao. Siku moja kijana mmoja alimdhihaki Balbina, mmoja wa kina mama hao:

"Nyie wa karati, mikanda yenu iko wapi?"

"Mkanda ninao, mwanangu, unanishikia kitenge," Balbina akamjibu. "Huo wako mbona umeshindwa hata kukushikia suruali?"

Stendi nzima ilicheka, na kijana huyo sasa ni mwanachama.

LILILOTUKUTA

Mwezi wa nne, ng'ombe wa mwenzetu Mashimba waliingia katika shamba la mwenzetu Kelestini kule Katindiuka, wakala mpunga uliokuwa unachanua. Kelestini akamfunga ndama mmoja. Mashimba akaja.

"Mfungue ndama wangu, Kelestini."

"Lifungue tumbo lake kwanza, unitolee mpunga wangu."

Hapo Mashimba akafanya lile tunalolikataza kuliko yote: akatumia nje, kwa ugomvi, yale ya ndani. Alimtupa mwenzake topeni mbele ya watu.

Kelestini akashtaki, na wazee wa usuluhishi wakakaa. Mwenyekiti wao akamwambia, "Haya, baba, tueleze ulivyotendewa."

Mgeni rasmi, Kelestini alikuwa na haki yote mkononi. Lakini mazoea ya miaka mitano yakamshika. Alisimama, akajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

"Shikamooni, wazee. Kosa lilikuwa langu. Nilisimama miguu sambamba kama niko kanisani. Nikamshika juu mno, akanipitishia nyonga, nikabebeka kama gunia la pumba. Ningeshusha uzito, asingeniweza."

"Wewe umekuja kushtaki, au kujishtaki?" mwenyekiti akamuuliza.

"Bado sijafika kwenye mpunga, mzee."

Hakufika. Wazee walikuwa wamekwisha kusikia kwamba kosa ni lake, na shauri likafutwa. Mashimba, aliyekuwa na wajibu wa kusema kweli, alinyamaza, kwa kuwa aliyeangusha hasemi mpaka mwenzake amalize, na mwenzake hakuachwa amalize. Wazee wakaona kwamba mchezo unaomfanya mtu ajisingizie hadharani umekwisha kuharibu akili. Ghala likafungwa kwa kufuli. Kelestini akarudi nyumbani bila mpunga na bila fidia, na wanawe walikula mihogo msimu mzima.

Wewe ndiwe uliyewaita wote wawili ofisini kwako, ukawaacha waseme mpaka mwisho. Mashimba alikiri makosa yake yote mawili, la topeni na la kunyamaza. Hukumwita yeyote mhuni. Ulisema tu, "Shamba lisiposimama tena, ghala halifunguki." Kwa neno hilo tunakushukuru kuliko tunavyoweza kuandika. Nasi tukaketi, tukamhukumu Mashimba: alime shamba lote la Kelestini kwa maksai wake kabla ya kugusa lake mwenyewe, na asikanyage penye mazoezi yetu mpaka Kelestini aseme basi.

TUNAYOOMBA

Tunaomba ghala lifunguliwe. Tumefanya mazoezi mchangani tangu mwezi wa tano, na watu wazima wameanza kuumia mabega.

Tumesikia pia kwamba tutatakiwa kujiunga na chama chenye mikanda na vyeo. Hatuvidharau. Tunachoomba ni kwamba atakayekuja kutupima aje kwanza kututazama tukianguka, ndipo aamue. Akituona hatufai, atuambie, nasi tutasikiliza.

Mwisho, Mgeni rasmi, tunapenda ujue yaliyotokea leo asubuhi. Mashimba alifikisha plau kwenye mpaka wa shamba, akasimamisha maksai, akangoja. Kelestini alilizunguka shamba lote polepole. Akainama, akavunja bonge la udongo kwa vidole, akatazama kina cha plau.

"Limelimika," akasema. "Basi, kaka. Wafungue ng'ombe wakanywe maji. Na wewe ukaoge, tuna mgeni."

Wamekaa pale nyuma, wote wawili. Adhabu imelipwa, na aliyestahili kulipwa ameridhika.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, aipe wilaya yetu mvua ya kiasi na mavuno ya amani.

Ni sisi,
Wanaghala, Kikundi cha Kujihami, Ifakara