Kibanja cha Vero, Kimuli

Kwanza niwataje waliopo, kwa sababu wosia wa mdomo usio na mashahidi ni kelele, na kelele katika nyumba hii zimeshatosha. Yupo Joyness Kaur, mwanangu wa kwanza, amekaa ukingoni mwa kitanda changu ingawa nimemwambia kwamba kitanda kinalalia upande. Yupo Veronica, mke wa mwanangu, ambaye nyote mnamwita Vero. Yupo Cleophace Byabato, mtoto wa mjomba wangu, kwa niaba ya ukoo wa mama. Yupo Seif bin Ukasha, mwenye duka la vitambaa hapa Kituntu, ambaye si wa ukoo wangu wala wa dini yangu, na ndiyo maana nimemwita. Na yupo Nestory Singh, mwanangu wa pili, mume wa Vero, amekaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, kwa kuwa anasema hawezi tena kuingia katika nyumba ya mali. Mhesabuni kwamba yupo. Kizingiti nacho ni mali yangu, nilikichonga mwenyewe.

Tunayemngoja ni Pastory Nizigiyimana wa Kimuli. Gari limekwenda kumchukua tangu asubuhi, na kwa jinsi barabara ilivyo sitalala nikimngoja, nitaanza.

Mimi ni Harnam Singh Rwegoshora. Harnam Singh nilipewa na baba yangu, Bishan Singh, seremala Singasinga aliyetoka Punjab akaja kupiga mapaa huku, akamwoa mama yangu, Mnyambo wa hapa hapa. Rwegoshora nilipewa na babu mzaa mama. Kalasinga si jina langu. Ni jina la mtu mwingine ambaye sikumjua, na maisha yangu yote nimeitwa kwa jina lake sokoni, barabarani na hata kanisani siku ya harusi yangu. Seif, unacheka, lakini wewe ungeitwa Abdala kila siku ungecheka? Shule niliyosoma wakati wa Mwingereza tulichapwa kwa kukosea jina la mto, sembuse la mtu.

Nisikilizeni basi, wanangu, na wewe Joyness uache kuniinua mto, shingo yangu inajua inapotaka kukaa.

Mashine ya kukoboa kahawa nakuachia wewe, Joyness Kaur. Nimesikia kwamba umeshamwonyesha mtu wa Kayanga, na kwamba mtu huyo amezunguka banda akigonga kuta kama anayenunua mtungi. Mwambie asirudi. Mashine hii inakwenda pamoja na jiko lililo nyuma yake, na jiko hilo ni la langar, yaani chakula cha wote, alichokianzisha baba yangu kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na halijazimika hata mwaka ule mnyauko ulipokausha migomba tukapika mihogo. Anayechukua mashine anachukua jiko. Kitakachobaki baada ya sufuria kujaa ndicho faida yako. Kama mpango huo unakuudhi, sema sasa ningali nina masikio, nimpe mwingine.

Na viti vile vya plastiki mlivyonunua vya kuwakalisha wageni wa heshima, viuzeni. Nimechoka kuvisema. Kwenye langar watu wanakaa chini, juu ya nyasi zilizotandikwa, mstari mmoja, kama mama yangu alivyozitandika nyumbani kwao kabla hajamjua Singasinga yeyote. Alikuja bwana mmoja wa serikali akauliza kiti chake kiko wapi. Nikamwambia kiti chako ni kile ulichokalia ulipozaliwa. Akakaa, akala ndizi na maharage kati ya mama muuza dagaa na mlevi mmoja, na siku hiyo Seif akasema kwa sauti, "Mzee Harnam, hapa kwako hata Peponi watakuja kujifunza kupanga foleni." Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa nije kwa mtu wa kizingitini.

Nestory Singh, nasema jina hilo kwa sababu ndilo nililokupa, la kwanza likiwa la kanisani kama marehemu mama yako alivyotaka, la pili likiwa langu. Nasikia kule mlimani Kimuli unaitwa Baba Nirmal. Mimi simjui Baba Nirmal. Sikumzaa, sikumsomesha, na akija kudai urithi hapa nitamtaka aonyeshe wazazi wake.

Nyote mnajua alivyokuwa, lakini Seif ni shahidi na lazima asikie kwa mdomo wangu. Mwanangu huyu alikuwa mnunuzi wa butura. Mkulima ana mgonjwa au ana mtoto anayefukuzwa shule, na kahawa bado ni mbichi mtini, basi Nestory anakuja na pikipiki, anainunua hapo hapo juu ya mti kwa bei ya kutupa, na ikiiva anakuja kuvuna kana kwamba aliipanda yeye. Nilimkataza. Akanijibu, "Tata, nisipoinunua mimi ataichukua mwingine." Miongoni mwa waliouza hivyo, msimu kwa msimu, alikuwa Pastory Nizigiyimana, mtu aliyekuja kutoka Burundi kijana, akanichimbia msingi wa banda la mashine, akazeeka Kimuli na kipande cha shamba kisichozidi uwanja wa kanisa.

Kisha siku moja Nestory akamkuta Pastory anakula mizizi ya kuchemsha, peke yake, mke amekufa, kahawa yake yote ya mwaka huo imeshauzwa ikiwa maua. Hilo lilimwingia. Silibezi. Mtu akiona alichokifanya na moyo ukamgeuka, hiyo ni neema, na mimi niliposikia nilifunga mlango nikalitaja Jina la Mungu nikashukuru. Ningejua kinachofuata, ningeshukuru kidogo.

Kwa sababu alifanya nini? Aliacha kukata nywele, kama dini yetu inavyotaka, vizuri. Aliacha butura, vizuri sana. Kisha akakichukua kibanja cha Kimuli, migomba na mibuni na nyumba iliyomo, akampa Pastory, akapanda mlimani, akajenga kibanda cha nyasi, akasema ameiacha dunia.

Kibanja kile nilimpa siku alipooa kikiwa na migomba michache yenye kuoza. Aliyekifanya kiwe kibanja ni Vero. Alibeba samadi kichwani akiwa na mimba. Alipogolea, alitandaza majani, alipanda mibuni mipya akaingoja mpaka izae, wakati huyu bwana yuko barabarani ananunua maua ya watu. Nestory, kila mwenye macho Kimuli anakiita kibanja cha Vero. Umejivua nguo, lakini nguo ilikuwa ya mkeo.

Nilipanda mlima ule na miguu yangu hii iliyovimba. Nikamkuta amefumba macho. Nikamwambia, "Fumbua, ni baba yako." Akaniambia, "Tata, nimeiacha dunia." Nikamwuliza, "Na hilo sufuria lenye ndizi za moto limetoka mbinguni?" Kumbe Vero, aliyehamia na watoto chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya unga, alikuwa anampandishia chakula kila siku. Siku hiyo nilimkuta huko huko, na mwenyewe aliniambia tukishuka, na nataka Cleophace ayasikie maneno yake: "Baba, mwanao ameiacha dunia, lakini chumvi ikipungua anaiulizia."

Usiinamishe kichwa, Nestory. Kuinamisha kichwa nako umekujua sana siku hizi.

Imani hii baba yangu alinifundisha akipiga randa, hakunifundisha mlimani. Alisema Guru wetu wa kwanza alisafiri mbali, akawakuta watu waliokimbilia vilele vya milima, wamejipaka majivu, wanakwepa watu ili wampate Mungu, na aliwauliza nani atawaokoa watu huko chini ikiwa wema wote wamepanda huku. Na alipomaliza safari zake alifanya nini? Alirudi kwa mkewe na wanawe, akashika jembe, akalima, na alichovuna akakipika wakala wote. Lima au chonga au uza kwa haki, mgawie mwenzako, na Jina la Mungu liwe mdomoni mikono ikiwa kazini. Hakuna la nne. Mali tunaiacha hivyo, kila siku, sahani kwa sahani, na jioni unaosha sufuria za watu usiowajua. Tunaambiwa wako wezi watano ndani ya mtu, ashiki, hasira, uroho, kung'ang'ania vitu, na kiburi. Wewe umewafukuza wanne, nakubali, kisha umempandisha wa tano mlimani ukamjengea nyumba.

Cleophace, usitingishe kichwa kwa furaha, nakuja kwako. Wewe umekuwa ukipita Kimuli ukisema kwamba ardhi ya ukoo haiendi kwa mtu wa kuja, na kwamba vijana wataamua. Vijana gani? Kibanja kile nilikinunua kwa jasho la banda langu, si cha ukoo. Na Pastory si mtu wa kuja, amekuwepo huku kabla hujaota meno. Nikisikia kijana amekwenda kumtisha mtu, nitakuja katika ndoto zako, ingawa dini yangu hainiruhusu.

Na Pastory mwenyewe hakuomba. Alikuja hapa akiwa mgonjwa, kwa lifti ya lori la ndizi, akakaa pale alipokaa Seif, akaniambia, "Mzee Rwegoshora, mtoto wako amenipa shamba, na mimi hata kukata jani la mgomba siwezi. Nikikaa mle naona mikono ya Vero kila mahali. Nikirudisha, je, nitakuwa nimemkatalia Mungu?" Tazameni alipotufikisha Baba Nirmal, mgonjwa anaogopa kurudisha shamba la mwanamke asije akamkosea Mungu. Nikamwambia arudishe, na Nestory atamlipa kile hasa alichomchukua, kahawa kwa kahawa, iliyoiva, aliyoichuma mwenyewe. Akakubali. Akasema atasema mbele ya watu.

Kwa hiyo ndilo hili, mlishike vizuri. Nestory alitoa kwa mdomo mbele ya mashahidi, na Pastory alipokea. Akifika leo akasema narudisha, kibanja cha Kimuli ni cha Veronica, kwa jina lake, si la mume, na Seif na Cleophace wameshuhudia. Asiposema, kwa sababu yoyote, kibanja ni chake, na baada yake ni cha bintiye Kayitesi, mjane mwenye watoto, aliye Kimuli hapo hapo. Kayitesi hakuniahidi kitu, na hakuna atakayekwenda kumbembeleza wala kumtisha. Tuliyemnyonya baba yake hatutamfukuza binti yake. Umesikia, Cleophace? Jibu kwa sauti. Vizuri.

Na ikiwa hivyo, Nestory, sadaka yako itakuwa imekuwa sadaka kweli, na utailipa wewe. Nyuma ya mashine nina rweya, nyasi tupu mpaka bondeni. Nampa Vero. Utashuka mlimani, utachukua jembe, utaifanya rweya ile iwe kibanja kama alivyofanya yeye, samadi kichwani, mpaka mibuni izae. Jina utalitaja ukilima, halichoki. Na Jumapili za langar utaosha masufuria. Vero ataamua kama unalala ndani au bandani. Hilo si la wosia, hilo ni lake.

Vero mwanangu, usilie. Najua si haki uanze shamba mara mbili. Najua. Nimelizungusha kichwani nikakosa njia nyingine.

Nipeni maji. Kidogo. Joyness, si yote.

Nikifa msinizike kwenye migomba. Nimesikia, Cleophace, ukimwambia Seif kwamba Mnyambo hachomwi kama majani makavu. Huyu atachomwa. Kuni za mkaratusi ziko nyuma ya banda, zimeshapasuliwa, zisiende kupikia pombe ya mtu. Bangili hii ya chuma apewe Joyness. Majivu yapelekwe mto Kagera, yaende na maji, msiweke jiwe, msiandike kitu. Siku hiyo pikeni. Kila apitaye ale.

Sauti inaniishia. Sogeeni. Nestory, ingia ndani. Ingia, nimesema. Hapo. Umeona, nyumba haijakuuma.

Mungu Mmoja, asiye na sura, asiye na adui, awape kazi ya mikono na usingizi wa aliyefanya kazi. Asikose mtu mlangoni kwenu wa kula naye. Joyness Kaur. Nestory Singh. Veronica. Nimewataja wote.

Nasikia gari. Mbona umefungwa mlango mmoja tu wa gari? Dereva yuko peke yake? Msinong'onezane huko nje, mimi bado ni mwenye nyumba. Seif, wewe una sauti, niambie alivyosema, nami nirudie, mashahidi wote wasikie.

Pastory Nizigiyimana amefariki leo asubuhi, nyumbani kwake, Kimuli.